Sentro Loki: Kutengeneza Vitasa vya Umeme vya Gari Nyumbani

Sentro loki ni mfumo mdogo wa umeme wenye kazi moja: kufunga na kufungua vitasa vya milango yote ya gari kwa pamoja, dereva akiwa amekaa kitini au amesimama nje. Kitasa chenyewe ni chuma kilichofungwa kwenye ukingo wa mlango, chenye ulimi unaouma pete iliyo kwenye nguzo ya bodi. Pembeni yake, au ndani ya ganda moja nacho, imo mota ndogo ya volti 12. Mota hiyo hupelekewa nyaya mbili za nguvu. Umeme ukipita upande mmoja, mota huzunguka na kitasa hujifunga. Chanya na hasi zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume na kitasa hujifungua. Mabadilishano hayo hufanywa na rilei zilizo ndani ya kontroli boksi, na umeme hukaa kwenye nyaya kwa sehemu tu ya sekunde, kisha hukatwa. Hili la mwisho ni la kushika mapema. Mota ya kitasa haikuundwa kupewa umeme mfululizo, na mtu anayepima bila kukumbuka kwamba umeme wake hupita kwa kufumba na kufumbua atasema waya umekufa, kumbe ni mzima.

Magari mengi madogo yanayoonekana Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ni Toyota zilizokwisha kutumika Japani: IST, Probox, Noah, Corolla, RAV4, pamoja na Hiace za abiria. Usukani uko kulia, na mlango wa kulia mbele ndio kiongozi. Hapo ndipo ilipo swichi kuu, hapo ndipo ufunguo wa chuma unapoingia, na kwa kawaida ndani ya kitasa chake imo swichi ndogo ya pili, isiyoonekana, inayoiarifu kontroli boksi kama mlango umefungwa au umefunguliwa. Kiongozi akiugua, milango mingine huonekana mibovu ingawa haina neno.

Kufunga milango kwa umeme ni jambo la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Gari la kifahari la Marekani, Scripps-Booth, lilikuwa na vitasa vya umeme mwaka 1914; Packard iliurudisha utaratibu huo mwaka 1956, na kuanzia hapo ukaenea. Rimoti ilikuja baadaye, katika Renault Fuego ya Ufaransa, mwaka 1982. Mercedes-Benz za miaka hiyo zilitumia pumzi badala ya mota: pampu moja ilivuta hewa kwenye vibomba hadi kila mlango. Mwenye gari la aina hiyo atafute kibomba kilichopasuka, kwa kuwa maelezo yanayofuata ni ya mifumo ya mota.

Vumbi, salfa na mvua

Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe, na ni njia panda ya kusini: barabara ya Lindi na Mtwara, ya Nachingwea, ya Tunduru, na ile ya Mtambaswala inayoelekea Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kuvuka Ruvuma hadi Msumbiji. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana lote. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye km 210, imekuwa ikiwekwa lami kwa awamu, ikianza na km 50 za kutoka Mtwara hadi Mnivata. Kwa miaka mingi gari la Newala limeishi kwenye vumbi, na vumbi hilo ndilo linalokuta vitasa.

Mlango wa gari si sanduku lililozibwa. Ni kuta mbili za bati zenye nafasi katikati, na juu yake kuna mwanya ambamo kioo hupanda na kushuka. Mpira unaosugua kioo huzuia sehemu kubwa ya maji na vumbi, lakini hauzuii yote, na mpira ukikauka kwa jua hauzuii hata nusu. Vumbi laini huingia, hutua juu ya grisi ya kiwandani iliyo kwenye kitasa, na mchanganyiko huo hugeuka kuwa kama msasa wa majimaji. Ulimi wa kitasa unakuwa mzito. Mota iliyotengenezwa kusukuma kitu chepesi inalazimika kusukuma kizito, kila siku, mara nyingi kwa siku. Kwa hiyo mota nyingi zinazokufa hapa zimeuawa na kitasa kichafu, na anayebadilisha mota bila kusafisha kitasa atarudi kazini baada ya muda mfupi.

Adui wa pili ni wa eneo hili hasa. Kuanzia Mei hadi Agosti hivi, mikorosho hupuliziwa salfa ya unga ili kuzuia ubwiriunga, na mifuko ya salfa husafirishwa kwa chochote chenye matairi, hata gari la familia. Unga wa njano humwagika kwenye zulia na kuingia kwenye swichi za mlangoni. Salfa ikigusana na shaba au fedha huifanya kuwa nyeusi, na utando huo mweusi hupitisha umeme kwa shida. Vituo vya kugusana ndani ya swichi ni vya metali hizo hizo. Gari lililobeba salfa msimu mzima, swichi yake ya mlango ikianza kugoma, inafaa kufunguliwa na kusafishwa kabla ya kitu kingine chochote kushukiwa. Anayelazimika kubeba salfa garini aitandikie turubai na kufunga madirisha yote, kisha apanguse swichi kwa kitambaa kikavu, kamwe si kilicholowa.

Mvua za uwanda huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Maji huteremka ndani ya mlango kila mara inyeshapo. Ndivyo mlango ulivyoundwa, na chini yake kuna vitundu vya kuyatoa. Vitundu hivyo vikizibwa na vumbi lililogeuka tope, maji husimama ndani. Njiti moja ya fagio inatosha kuvizibua: inasukumwa taratibu kutoka chini, linatoka gamba jekundu, halafu maji ya kahawia yaliyokaa humo tangu mvua ya mwisho yanamwagika chini. Kazi hiyo haihitaji kufungua skrubu hata moja, na ifanywe Novemba, kabla ya mvua kukolea.

Umeme unaishia wapi

Kazi nzima ya matengenezo haya ni kujua umeme unafika wapi na unaishia wapi. Kununua kitasa kabla ya kujua hilo ni kutupa fedha, na Newala hasara hiyo ni mara mbili: spea huagizwa Masasi, Mtwara au Dar es Salaam, husafiri kwa basi, na ikifika ikiwa ya mlango wa kushoto wakati iliyotakiwa ni ya kulia, inarudi njia ile ile. Saa moja ya kuchunguza huokoa safari hizo zote.

Uchunguzi huanza kwa masikio, mahali penye ukimya, injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja hubonyeza swichi kuu ya dereva mara kadhaa, mwingine huzunguka gari na kuweka kiganja juu ya kila mlango karibu na kitasa. Mlango mzima hutoa kishindo kimoja kikavu na kiganja hukisikia. Mlango wenye mota dhaifu hutoa mkwaruzo au mlio hafifu, na kijiti cha kufungia husogea nusu kisha hukwama. Mlango usiotoa chochote ama haupati umeme, ama mota yake imekufa kabisa.

Milango yote ikiwa kimya, tatizo haliko kwenye mota, kwa sababu mota nne au tano hazifi siku moja. Huanzwa na betri ya gari, kisha fyuzi. Boksi la fyuzi la ndani huwa chini ya dashibodi, na kwenye Toyota nyingi fyuzi ya milango imeandikwa DOOR kwenye mchoro wa kifuniko. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine yenye ampea zile zile. Desturi ya kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuzungushia uzi wa waya pale fyuzi ilipokuwa, ni mbaya kupita zote zinazofanyika kwenye umeme wa magari. Fyuzi ndiyo sehemu pekee iliyowekwa ili iungue. Ikizuiwa kuungua, nyaya zilizopita chini ya zulia na nyuma ya dashibodi ndizo zitakazoungua, na gari zima litafuata. Fyuzi mpya ikikatika tena papo hapo, kuna waya uliochubuka na kugusa bodi. Waya huo hutafutwa kwanza kwenye mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi.

Mpira huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Uko upande wa bawaba, kati ya mlango na nguzo, na nyaya zilizomo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa zaidi, na ndio ambao nyaya zake hukatika kwanza. Dalili yake ni ya wazi: kitasa kinafanya kazi mlango ukiwa wazi na kinagoma ukifungwa, au pawa windo na spika za mlango huo zimeanza kusitasita pamoja na kitasa. Mpira huchomolewa kwenye bati kwa vidole, unarudishwa nyuma, na nyaya huvutwa mmoja mmoja kwa upole. Uliokatika ndani ya ganda hurefuka kidogo unapovutwa, kwa sababu kilichobaki ni plastiki tupu. Huungwa kwa kipande cha waya laini wenye unene ule ule, kwa risasi na pasi ya kulehemu, na kuvikwa mrija unaonywea kwa joto. Kiungo kiwe nje ya sehemu inayokunjika, kwa sababu risasi haikunjiki, na waya uliolehemiwa kwenye kona hukatika tena pembeni ya risasi. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzifunga utepe wa umeme hudumu hadi mvua ya kwanza.

Baadhi ya magari yenye mlango wa kuteleza, hasa ya zamani, hayana waya unaoingia mlangoni. Yana vituo vya shaba vilivyo kwenye nguzo na vingine kwenye mlango, vinavyogusana mlango ukifungwa. Kwa vumbi la Newala, vituo hivyo ndivyo vya kutazamwa kwanza pale mlango wa abiria unapokataa kufungwa kwa swichi. Kitambaa chenye spiriti huondoa uchafu, na kifutio cha penseli huondoa weusi. Msasa mkali huondoa na shaba yenyewe, hivyo uachwe.

Kuna pia mambo yanayodhaniwa ubovu na si ubovu. Mlango wa nyuma unaofunguka kwa nje tu umewekewa kizuizi cha watoto. Kishikizo chake kidogo kiko kwenye ukingo wa mlango, chini ya kitasa. Milango inayojifungua yenyewe mara tu baada ya kufungwa, huku mlango wa dereva ukiwa wazi na ufunguo ukiwa kwenye swichi ya kuwashia, inafanya ilivyoamriwa kiwandani ili ufunguo usifungiwe ndani. Lakini ikijifungua hivyo wakati ufunguo umetolewa na milango yote imefungwa, ile swichi ndogo ya ndani ya kitasa cha dereva inatoa habari za uongo. Na gari linaloitikia swichi ya mlangoni lakini haliitikii rimoti halina shida ya milango. Rimoti huwekewa betri mpya ya duara ya volti 3 kwanza, kabla ya kutafutwa anayejua kuisajili upya.

Kufungua mlango

Pale uchunguzi unapoelekeza kwenye mlango mmoja, kava lake hutolewa. Kioo hupandishwa hadi juu kabisa, kisha waya wa hasi wa betri hulegezwa kwa spana namba 10 na kuwekwa kando. Skrubu za kava zimefichwa: moja nyuma ya mshikio wa ndani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, nyingine kwenye shimo la kushikia mlango au chini ya paneli ya swichi. Zikiisha hizo, kinachobaki kulishika kava ni klipu zilizozunguka ukingo wake. Kipande bapa cha plastiki, au bisibisi iliyofungwa kitambaa, hupenyezwa karibu na klipu yenyewe, maana kukwanyua mbali na klipu huvunja ubao wa kava badala ya kuitoa klipu. Klipu moja huvunjika karibu kila mara; kuwa na chache za akiba ni busara. Kava likishaachia, huinuliwa juu ili litoke kwenye mpira wa kioo, na plagi za swichi huchomolewa kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta nyaya.

Nyuma ya kava kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Ndiyo inayozuia maji na vumbi la ndani ya mlango yasipite kwenye zulia na swichi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na mafundi wenye haraka. Nailoni iliyochanwa kwa wembe katikati haitazuia kitu tena. Gari likisimama juani adhuhuri gundi hulegea, na nailoni hubandulika polepole kutoka kona moja, gundi ikibaki upande mmoja tu. Ikiwa fundi aliyetangulia aliitupa, mpya hukatwa kutoka nailoni nene ya shambani na kubandikwa kwa gundi ya utepe. Ukingo wake wa chini uingizwe ndani ya mlango ili maji yanayoifuata yadondokee kwenye vitundu.

Sasa mota inaweza kupimwa bila kutolewa. Waya wa betri hurudishwa. Plagi ya kitasa huchomolewa, na kati ya nyaya zake hutafutwa mbili zilizo nene kuliko zilizobaki. Kifaa kinachofaa hapa ni balbu ndogo ya gari ya wati 5 yenye nyaya mbili, si mita ya kidijitali. Mita huchelewa kuandika, na umeme unaokaa sehemu ya sekunde huisha kabla namba haijatulia. Zaidi ya hapo, waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaionyesha mita volti 12 kamili, kwa kuwa mita haili umeme, ilhali balbu inaula na unyonge wa waya unajulikana. Balbu huunganishwa kwenye nyaya hizo mbili, msaidizi hubonyeza kufunga, kisha kufungua. Ikimweka mara zote mbili kwa nguvu, umeme unafika na ubovu uko kwenye kitasa. Ikimweka kwa kufunga tu, au kwa mwanga mwekundu hafifu, ubovu uko nyuma, kwenye waya, kiungo au kontroli boksi. Plagi za rangi ya njano ni za mifuko ya hewa. Hazipimwi kwa balbu wala hazichomolewi wakati umeme umo.

Mota yenyewe huthibitishwa kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja, kupitia waya wenye fyuzi ya ampea 10, kwa mguso mmoja mfupi, kisha kwa kugeuza nyaya. Mguso wa sekunde nzima ni mrefu mno. Mota inayofanya kazi upande mmoja na kugoma upande wa pili kwa kawaida inasukuma kitasa kizito, au imechoka.

Kitasa, mota na grisi

Kitasa hushikwa na skrubu tatu kwenye ukingo wa mlango, ambazo kwenye Toyota nyingi zina kichwa chenye shimo la nyota. Zimekazwa sana. Bisibisi ya saizi kamili, ikisukumwa kwa uzito wa mwili kabla ya kuzungushwa, huzilegeza. Iliyolegea kidogo huharibu kichwa, na baada ya hapo hubaki kutoboa kwa drili. Kabla ya kuzitoa, vijiti vya chuma vinavyotoka kwenye mshikio wa nje na tundu la ufunguo huachiliwa kwenye vibanio vyao vya plastiki, na kebo za mshikio wa ndani hutolewa kwenye ndoano. Picha ya simu ya kila hatua ina thamani kuliko kumbukumbu ya fundi yeyote. Kwenye baadhi ya milango, reli ya nyuma ya kioo hulegezwa bolti moja ili kitasa kipate njia ya kupita. Ukingo wa bati ndani ya mlango hukata, na glovu nyembamba au mikono mirefu ya shati huepusha majeraha.

Kitasa kikishatoka, kazi ya kwanza ni kukisafisha, hata kama lengo ni mota. Sehemu ya chuma huoshwa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani hadi vumbi lote litoke, plastiki ya mota ikiwa imeelekezwa juu ili isilowe, kisha huachwa ikauke. Petroli husafisha upesi zaidi, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ya mbali, na nyumba nyingi zina jiko la mkaa uani.

Ganda la mota hufunguliwa kwa skrubu ndogo. Mengine yamegandishwa na hupasuliwa kwenye mshono kwa kisu kwa uangalifu. Ndani kuna mota, gia ya plastiki na springi. Kitu kinachokufa kwa kawaida kimo ndani ya mota: brashi zimelika, na unga wake mweusi umejaa kwenye vipande vya shaba vinavyozunguka. Anayetaka kuokoa mota hukunjua vishikizo vidogo vya mfuniko wake kwa bisibisi nyembamba, huvuta mhimili nje, na hapo shaba inayotakiwa kung'aa huonekana nyeusi kote. Spiriti na kitambaa huondoa unga, msasa laini kabisa hurudisha rangi ya shaba, na mianya iliyo kati ya vipande husafishwa kwa ncha ya sindano ili unga usiviunganishe. Majani ya brashi hukunjwa kidogo kuelekea ndani yaguse vizuri zaidi. Mota iliyosafishwa hivyo huendelea kufanya kazi, lakini brashi haziongezeki. Ni suluhisho la miezi, linalompa mwenye gari nafasi ya kuagiza mpya bila pupa.

Mota mpya hutafutwa kwa vipimo. Toyota nyingi zimetumia mota za Mabuchi za aina ya FC-280, zinazouzwa peke yake bila kitasa, na tofauti kati yake ni urefu wa mhimili. Gia ya zamani huhamishiwa kwenye mhimili mpya kwa kubanduliwa na bisibisi mbili zilizokabiliana, bila nyundo. Kitasa kamili cha mtumba nacho ni chaguo zuri, mradi kinunuliwe kwa akili: cha zamani kipelekwe dukani, pande zilinganishwe, idadi ya pini za plagi ihesabiwe, na muuzaji akipe umeme wa betri hapo hapo kaunta, mara ya kufunga na mara ya kufungua.

Grisi hupakwa kidogo. Gia za plastiki hupewa grisi nyeupe ya lithiamu kwa ncha ya kidole. Ulimi wa kitasa hupewa utando mwembamba tu. Oili chafu ya injini, inayopakwa na wengi kwa kuwa ni ya bure, imejaa uchafu wa chuma na hukusanya vumbi kuliko grisi yoyote. Tundu la ufunguo halipewi grisi hata kidogo, bali unga wa risasi ya penseli, ambao hutelezesha bila kunasa vumbi.

Baada ya kitasa kurudishwa, mlango haufungwi bado. Ulimi husukumwa kwa bisibisi hadi ujifunge, mlango ukiwa wazi, halafu hujaribiwa kwa swichi, kwa rimoti, kwa ufunguo, kwa mshikio wa nje na kwa mshikio wa ndani. Kila kimoja kikiachia ulimi, ndipo mlango unaweza kufungwa. Mlango uliofungwa huku kijiti kimoja kikiwa kimesahaulika hauna njia rahisi ya kufunguka tena, kwa sababu kava haliwezi kutolewa vizuri mlango ukiwa umefungwa. Kisha nailoni hubandikwa, kava hurudishwa, na kioo chenye pawa windo ya kujipandisha hupandishwa na swichi kushikiliwa sekunde moja au mbili ili kikumbuke tena mwisho wake.

Kwa magari yasiyokuwa na sentro loki tangu kiwandani, kama pikapu za kazi, au yale ambayo kitasa chake hakipatikani tena, kuna seti za jumla zinazouzwa kwenye maduka ya spea: kontroli boksi dogo na mota nne zenye kijiti cha kusukuma. Mota ya dereva ina nyaya tano na nyingine zina mbili mbili. Mota hufungwa kwenye bati la ndani ya mlango ili kijiti chake kiende mstari mmoja na kijiti cha kitasa. Ikikaa mshazari, nguvu yake hupotea na skrubu zake hulegea kwa mitikisiko ya barabara. Kabla ya kutoboa bati, kioo hushushwa hadi chini kuhakikisha hakigusi mota. Nyaya zipite ndani ya mpira wa kiwandani, si kwenye tundu jipya lenye makali, na waya wa chanya uwe na fyuzi yake karibu na betri. Kisha fyuzi hiyo hutolewa, na kila abiria aweze kufungua mlango wake kwa mkono, kutoka ndani, bila umeme wowote. Mlango usiofunguka hivyo urekebishwe kabla ya gari kubeba mtu.